Dereva wa Leo na Dereva wa Jana

Maneno yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo kila mtu aendaye njiani amepata kulisema, au kama hakulisema amelisikia likisemwa. Wazee wakiwa wamekaa barazani wakati wa jioni, na gari likapita mbio likawaachia vumbi na mlio wa honi, hakosi mmoja wao kutikisa kichwa na kusema, "Madereva wa siku hizi hawana adabu. Zamani dereva alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake. Alipomwona mwanamke na mtoto kando ya njia alipunguza mwendo." Wenziwe huitikia, na kila mmoja huongeza la kwake: huyu alisukumiwa mtaroni pamoja na baiskeli yake, yule alitukanwa mbele ya watoto wake, na wa tatu hasemi neno, maana yeye alimzika ndugu yake aliyekanyagwa na gari.

Malalamiko hayo si ya kuchekwa. Shirika la Afya la Dunia lilihesabu kwamba katika mwaka 2021 watu kama 1,190,000 waliuawa na ajali za barabarani ulimwenguni, na zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Bara letu la Afrika lina magari machache sana, kama 3 tu katika kila 100 ya dunia nzima, walakini karibu mtu mmoja katika kila watano wanaokufa barabarani hufia katika bara hili. Katika Kenya peke yake waliokufa barabarani walipita 4,000 katika mwaka 2022, tena katika mwaka 2023, tena katika mwaka 2024. Basi mzee anung'unikaye barazani hanung'uniki bure.

Lakini yatupasa kuyapima maneno yake kwa mizani ya historia. Je, ni kweli kwamba dereva wa leo ana moyo mkali kuliko dereva wa jana? Na kama kuna kilichobadilika, ni kipi: ni mtu, ni gari, ni njia, au ni ujira? Swali hili si la kupitishia wakati. Tukiamini kwamba ubaya wote umo moyoni mwa dereva, dawa yetu itakuwa kumlaani, na laana haijapata kusimamisha gari hata siku moja. Bali tukijua ufa ulipo, twaweza kuuziba.

Kwanza tujue kwamba malalamiko haya ni ya kale mno, yalitangulia motakaa kwa karne nyingi. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme imo habari ya mlinzi aliyesimama juu ya mnara wa Yezreeli, akaona kundi la watu likija kwa mbali. Sura zao hakuweza kuzitambua, lakini alimjua Yehu kwa namna alivyoendesha gari lake la farasi, maana hakuna mwingine aliyeendesha kwa wazimu kama yeye. Kumbe hata zamani zile dereva mkali alijulikana kwa vumbi lake kabla ya kujulikana kwa uso wake.

Katika mji wa Rumi mambo yalikuwa mazito zaidi. Njia zake zilikuwa nyembamba, na watu wengi kama siafu. Magari ya kukokotwa na wanyama yalisongamana mpaka mtu wa miguu hakuwa na pa kupita. Mwaka 45 kabla ya Kristo ilitolewa sheria, ambayo husemwa kuwa ni ya Julius Caesar, kwamba magari yasiingie mjini tangu jua kuchomoza hata saa kumi ya mchana, isipokuwa yale yenye kazi maalumu, kama kuchukua vifaa vya kujengea mahekalu. Warumi walizihesabu saa zao tangu alfajiri kama tuzihesabuvyo sisi, hata saa kumi yao ilikuwa karibu sawa na saa kumi yetu. Sheria ile iliwapa watu nafasi mchana, lakini iliwaharibia usiku, maana magari yote yaliingia gizani kwa kelele. Mshairi wao mmoja, jina lake Juvenal, alilalamika katika mashairi yake kwamba makelele ya magari na matusi ya waendeshaji hayamwachi mtu kulala. Tazameni basi: kabla ya mafuta ya petroli, kabla ya honi, matusi ya barabarani yalikwisha kuwapo.

Sasa tuvuke miaka mingi twende Uingereza, maana huko habari za barabara zimeandikwa kwa uangalifu, na twaweza kuzifuata hatua kwa hatua. Kabla ya gari la moshi kuenea, watu walisafiri kwa magari makubwa ya farasi wanne, yaliyokwenda kwa saa zilizowekwa. Makampuni yalishindana, na kila kampuni ilitaka kusifiwa kwamba gari lake ndilo lifikalo kwanza. Waendeshaji wakawa wakipigana mbio barabarani, abiria wakiwa juu ya paa wameshikilia vyuma, na magari yakapinduka na watu wakafa. Mambo yalizidi hata mwaka 1820 Bunge likapitisha sheria ya kuwaadhibu waendeshaji walioumiza watu kwa mbio za makusudi. Tena mwaka 1861 ikaja sheria nyingine iliyotaja waziwazi kosa la kuendesha kwa fujo na kumdhuru mtu; na sheria hiyo, iliyotungwa wakati wa farasi, ingali inatumika Uingereza mpaka leo.

Mwaka 1829 bwana mmoja, George Shillibeer, alianzisha katika mji wa London gari la abiria lililokokotwa na farasi watatu, lenye nafasi ya watu 22. Kila mtu mwenye nauli aliweza kupanda njiani bila kuandikisha jina lake kwanza. Lilikuwa jambo jema, na watu walilipenda. Lakini mara wakatokea wengine wenye magari kama lile, nao wote wakawinda abiria wale wale katika njia ile ile. Gari likiona mtu amesimama kando ya njia, lilipiga mbio kulitangulia jingine. Kondakta aliita watu kwa sauti kuu na kuwavuta. Je, wasikilizaji wangu wa Nairobi na Dar es Salaam, mwaitambua sura hiyo? Hakika ni sura ya kituo cha magari ya abiria cha kwetu, isipokuwa badala ya injini kulikuwa na farasi.

Hapa pana neno ambalo nataka mlishike, maana ndilo fundo la habari yote. Kwa miaka mingi magari yale ya London hayakuwa na tikiti. Mwenye gari alitazamia kuletewa fedha ya kadiri fulani kila siku. Akiisha kuipata, hakuuliza sana juu ya iliyobaki, nayo ikawa ya kondakta na mwenzake. Mwaka 1891 kampuni kubwa ya London General Omnibus Company ilipoleta tikiti, wafanyakazi waligoma. Waligoma kwa sababu tikiti ziliwaondolea kipato kile cha kichinichini, na pia kwa sababu walitaka siku yao ya kazi ipunguzwe iwe saa 12, maana walikuwa wakifanya kazi kuliko hizo. Basi mtu aliyekaa juu ya gari tangu alfajiri hata usiku, na chakula cha watoto wake kilitegemea abiria wa mwisho atakayempata, twaweza kustaajabu kama aliwapiga farasi mijeledi?

Ndipo ikaja motakaa. Mara ya kwanza Waingereza waliyaogopa magari yendayo bila farasi. Sheria ya mwaka 1865 iliamuru yasipite maili 4 kwa saa nje ya miji, wala maili 2 kwa saa ndani ya miji, na mtu atangulie mbele kwa miguu ameshika bendera nyekundu. Mwaka 1896 amri hiyo ikafutwa, mwendo ukaongezwa. Mwaka 1903 ukaongezwa tena mpaka maili 20 kwa saa, na kila dereva akatakiwa kuwa na leseni. Lakini leseni ile ilinunuliwa tu kwa shilingi 5 pasipo mtihani wa namna yo yote. Mtu aliweza kuinunua asubuhi na kuingia barabarani adhuhuri bila kujua breki iko wapi.

Mwaka 1930 Bunge likaondoa kabisa mpaka wa mwendo kwa motakaa, kwa kuwa hakuna aliyeufuata. Matokeo yalikuwa ya kusikitisha. Katika mwaka 1934 watu 7,343 walikufa katika barabara za Uingereza, na wakati huo magari yote ya nchi hayakupita milioni mbili na nusu. Basi serikali ikarudi nyuma: tangu mwaka 1935 ndani ya miji na vijiji gari halikuruhusiwa kupita maili 30 kwa saa, na kila dereva mpya akalazimishwa kufanya mtihani. Vita vikaja, taa zikazimwa usiku kwa kuogopa ndege za adui, na mwaka 1941 wakafa watu 9,169, hesabu kubwa kupita zote za nchi ile. Miaka ikapita, mwaka 1967 ikatungwa sheria ya kupima pumzi ya dereva anayedhaniwa amelewa, na mwaka 1983 dereva na aliyekaa kando yake wakalazimishwa kufunga mikanda. Katika mwaka 2023, nchi ile ile ikiwa na magari kama milioni 40, waliokufa walikuwa 1,624.

Ewe kijana uliye darasani, chukua kalamu ufanye hesabu. Mwaka 1934 palikuwa na maiti mmoja kwa kila magari kama 330. Mwaka 2023 palikuwa na maiti mmoja kwa kila magari karibu 25,000. Basi yule "dereva wa zamani mwenye heshima zake" aliua watu kuliko mjukuu wake, tena kuliko kwa mbali sana. Wala si kwamba mjukuu amezaliwa na moyo wa malaika. Mjukuu amefundishwa, amepimwa, amewekewa mipaka, amepewa gari lenye breki njema na njia yenye kando ya waenda kwa miguu, naye ajua kwamba akivunja sheria atakamatwa. Moyo ni ule ule. Ulinzi ndio uliobadilika.

Pengine mtu atasema, "Hayo ni ya Ulaya. Hapa kwetu mambo yamezidi kuwa mabaya." Ni kweli, katika nchi zetu vifo vimeongezeka, wala sitaki kulifunika neno hilo. Lakini tutazame yameongezeka kwa njia gani.

Katika mji wa Nairobi, watu walioishi mbali na kazi zao walianza kupanda magari madogo ya watu binafsi, ambayo yalitoza sarafu tatu za senti 10. Ndiyo asili ya jina la matatu. Magari hayo yalikuwa kinyume cha sheria, na polisi waliyafukuza. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta akatoa ruhusa yachukue abiria bila leseni maalumu ya magari ya abiria. Watu walifurahi, kwa kuwa walipata usafiri na wengi walipata kazi. Lakini mlango ulifunguliwa kabla ya kuwekwa bawabu: magari yaliongezeka upesi, na hapakuwa na mwenye kupanga nani apite wapi, saa ngapi, na kwa mwendo gani.

Katika Dar es Salaam ilikuwa vivyo hivyo. Shirika la Usafiri Dar es Salaam liliundwa mwaka 1974 liwachukue watu wa mji. Lakini mabasi yakapungukiwa na vipuri, na mji ukazidi kukua, hata watu wakasimama vituoni saa nyingi. Magari ya watu binafsi yakaingia kwa siri, na mwaka 1983 yakapata ruhusa. Watu wakayaita daladala, kwa kuwa nauli yake ilikuwa shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 iliitwa dala.

Sasa sikilizeni namna kazi ile ilivyopangwa. Mwenye gari hakumwandika dereva kwa mshahara wa mwezi. Alimwambia, "Niletee hesabu kila jioni," yaani fedha ya kadiri iliyotajwa. Mafuta ni juu ya dereva. Faini ni juu ya dereva. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta, hicho ndicho chakula chake na cha kondakta wake. Akishindwa kuleta hesabu siku mbili tatu, gari hupewa mwingine, maana wanaongoja ni wengi. Wapo hata wale waitwao deiwaka, ambao hupokea usukani kwa saa chache tu mwenyewe akienda kula au kulala. Je, huoni? Ni mpango ule ule wa London kabla ya mwaka 1891. Mtu huyu hawi na haraka kwa sababu ana kiburi. Ana haraka kwa sababu asubuhi alianza siku akiwa na deni, na kila abiria anayechukuliwa na gari la mbele ni tonge linalotolewa kinywani mwa mtoto wake.

Nasema hivi si kwa kumtetea. Njaa ya dereva haimpi ruhusa ya kuua mtoto wa mwenziwe. Lakini mganga asiyejua chanzo cha homa atakanda kichwa na kuacha jipu. Hata Waingereza hawakupona kwa tikiti peke yake. Mwezi wa Agosti mwaka 1922 lilitokea London gari moja la abiria la mtu binafsi, na baada ya miaka miwili yalikuwa mamia. Watu waliyaita maharamia. Yaliacha njia zao yakienda palipo na abiria wengi, yalikimbizana, na pengine yaliwashusha watu nusu ya safari yakageuka kurudi kwenye faida. Mwaka 1924 sheria ikaamuru kila gari lishike njia yake. Mwaka 1930 ikaamuriwa kwamba dereva wa gari la abiria asiendeshe zaidi ya saa 5 na nusu bila kupumzika, wala zaidi ya saa 11 kwa siku. Na mwaka 1933 magari yote ya abiria ya mji ule yakawekwa chini ya baraza moja, madereva wakalipwa mshahara uliojulikana. Tangu hapo dereva wa London hakuwa na sababu ya kumkimbiza mwenziwe, maana abiria aliyechukuliwa na gari la mbele hakumpunguzia kitu mfukoni mwake. Uharamia ukaisha, wala haukuisha kwa mahubiri.

Kenya nayo ilijaribu njia hiyo. Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, alitoa kanuni mwaka 2003, zikaanza kushika mwezi wa Februari mwaka 2004. Kila matatu itiwe chombo cha kuzuia mwendo usipite kilomita 80 kwa saa. Kila kiti kiwe na mkanda. Abiria wasizidi viti. Dereva na kondakta wavae sare. Siku za kwanza magari mengi yalilala majumbani kwa kukosa kutimiza masharti, na watu walikwenda kazini kwa miguu; lakini yaliporudi barabarani yalirudi na adabu, na abiria wakakaa kama watu, si kama magunia. Baadaye usimamizi ukalegea. Vyombo vya kuzuia mwendo vikachezewa, mikanda ikakatika isitengenezwe, na hesabu ya jioni ikabaki pale pale. Sheria njema ni kama shamba: kulilima mara moja hakutoshi, yapasa kulipalilia kila msimu.

Tena njia zenyewe zimebadilika. Zamani njia yenye mashimo na mchanga ilikuwa askari asiyelala. Dereva mkali alivunja springi zake mwenyewe kabla ya kumvunja mtu mguu. Leo njia ya lami imepita katikati ya vijiji, nyoofu kama uzi, na shule iko upande huu na kisima upande wa pili. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hupita kama mita 14 katika nukta moja; liendalo kilomita 100 hupita kama mita 28. Na nguvu ya pigo haiongezeki kama mwendo tu: ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu ya pigo huzidi mara nne, na umbali utakiwao ili breki zilisimamishe gari huzidi mara nne vile vile. Ndiyo sababu mtoto aliyezoea kukisia mwendo wa baiskeli na wa punda hukosea anapokisia mwendo wa motakaa. Kosa si ujinga wake. Jicho la binadamu halikuumbwa kwa mbio hizo.

Kisha zimekuja pikipiki za bodaboda. Zilianza kama baiskeli za kuvusha watu na mizigo kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960, na jina lake limetoka katika neno la Kiingereza la mpaka. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi juu ya pikipiki ndogo, na vijana wengi wakapata kazi ambayo hawakuitazamia. Wengi wao waliingia barabarani kama Mwingereza yule wa mwaka 1903, yaani wana chombo lakini hawana mafunzo. Tusiwatukane basi, tuwafundishe.

Iko sababu nyingine, nayo imo katika tabia ya binadamu wote. Watu wawili wakigongana begani sokoni, huombana radhi na kupita. Lakini wakiwa ndani ya vyuma na vioo, kila mmoja haoni uso wa mwenziwe, huona gari tu. Na mtu hana haya mbele ya gari. Mwaka 1950 Walt Disney wa Marekani alitoa filamu fupi ya picha za kuchora, ambamo bwana mpole, asiyeweza kumkanyaga hata sisimizi, hugeuka mnyama mkali mara ashikapo usukani; akishuka kwenda kwa miguu hurudia upole wake, naye sasa ndiye akimbizwaye na wengine. Watu walicheka sana kwa kuwa kila mmoja alijiona. Ni miaka mingi imepita tangu filamu ile, na hata wakati ule watu walikuwa wakisema kwamba madereva wa siku zao wamezidi.

Basi kwa nini kila kizazi huona kwamba madereva wake ni wabaya kuliko wa kizazi kilichopita? Sababu moja ni kwamba zamani magari yalikuwa machache, hata likipita moja watoto walilikimbilia kulitazama; na kitu kimoja kwa siku hakiwezi kukuudhi mara ishirini. Sababu nyingine ni kwamba madereva mia watupitao kwa adabu hatuwakumbuki jioni. Twamkumbuka mmoja aliyetutia mtaroni. Na ya tatu ni kwamba wale waliouawa na madereva wa zamani hawako barazani kutoa ushahidi wao.

Nawaambia sasa neno moja la kutia moyo, nalo limetoka Kenya. Mwaka 2008 wataalamu wawili, James Habyarimana na William Jack, walibandika vikaratasi ndani ya matatu za safari ndefu, vikiwaambia abiria wasinyamaze dereva anapoendesha vibaya, bali waseme. Matatu nyingine ziliachwa bila vikaratasi, zipate kulinganishwa. Baadaye walitazama madai yaliyopelekwa kwa makampuni ya bima. Katika magari yenye vikaratasi madai yalikuwa yamepungua kwa nusu au zaidi. Jambo hilo lilirudiwa kwa magari maelfu, chini ya neno moja la Kiswahili, "Zusha!", na mara hiyo madai yalipungua kwa robo hata theluthi. Hakuna aliyefungwa, hakuna barabara iliyojengwa. Ni karatasi tu, na sauti ya abiria.

Jambo hili latufundisha nini? Latufundisha kwamba dereva ana mabwana wawili. Yuko mwenye gari amngojaye jioni kwa hesabu, na yuko abiria aliyeketi nyuma yake. Yule wa kwanza hayumo garini, lakini sauti yake husikika njia nzima. Wa pili yumo, na roho yake imo, walakini hunyamaza kwa haya au kwa kuogopa kuchekwa, au kwa sababu yeye mwenyewe alichelewa kutoka nyumbani na moyoni anashukuru kwa mbio zile. Abiria wa namna hiyo akishuka salama humsifu dereva. Gari likipinduka, humlaumu.

Kwa hiyo wasikilizaji wangu, tumwambie mzee wa barazani kwamba amesema kweli nusu. Hatari imezidi, ndiyo; lakini moyo wa dereva haukuzidi ubaya. Ni moyo ule ule wa Yehu na wa mwendesha farasi wa London, uliopewa chombo chenye nguvu zaidi, juu ya njia laini zaidi, na kufukuzwa na deni lile lile. Serikali na iweke mipaka ya mwendo, na kuisimamia mwaka wa kwanza hata wa ishirini. Wenye magari na wawalipe watu wao mshahara ujulikanao, kwa saa zinazojulikana. Shule na ziwafundishe watoto kusimama, kutazama pande zote mbili, na kutembea upande wanaoweza kuyaona magari yakija. Na wewe abiria, ukiona gari linakwenda mbio mbele ya shule au linalipita jingine penye kona, usingoje mwingine aanze. Sema kwa heshima, lakini sema: "Dereva, punguza mwendo. Tumekupa nauli, hatukukupa roho zetu." Utashangaa kuona ni wangapi waliokuwa wakingoja sauti ya kwanza.

Kwaherini, na Mungu awafikishe salama.